Kifua kilichobonyea: mambo ambayo mazoezi, mkao na pumzi vinayaweza, na ambayo haviyawezi

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma maswali ya vijana wenye kifua kilichobonyea, na nimeona kwamba majibu wanayopewa ni ya aina mbili tu. Wapo wanaowaambia wapige pushapu kila siku mpaka kifua kitoke nje, na wapo wanaowaambia wasijisumbue kwa lolote kwa sababu dawa ni upasuaji peke yake. Mimi nimeishi na kifua hiki tangu kuzaliwa, nimepewa majibu yote mawili, na yote mawili yalinipotezea miaka. Ninaandika ili kueleza kwa kirefu jambo ambalo nililielewa nikiwa nimechelewa: mazoezi hayanyanyui mfupa uliozama, lakini yanabadilisha karibu kila kitu kinachouzunguka mfupa huo, na utaratibu wa kuyafanya una uzito kuliko wingi wake.

Nianze na hali yenyewe. Mbavu zetu hazijaungana moja kwa moja na mfupa wa kidari, bali zimeunganishwa nao kwa gegedu, yaani tishu imara inayopindika kama ile ya sikio, na kwa mtu mwenye hali hii gegedu hizo huumbika na kukua kwa namna inayokisukuma kidari ndani, kuelekea uti wa mgongo. Madaktari huiita pektasi ekskavatamu. Inakadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya kila 300 hadi 400 wanaozaliwa, wavulana wakiwa wengi mara kadhaa kuliko wasichana, na mara nyingi hukuta kuna mjomba, baba au binamu mwenye kifua kama hicho. Shimo linaweza kuonekana tangu utotoni, lakini kwa wengi huzidi kuwa refu katika miaka ya balehe, pale mwili unaporefuka kwa kasi. Ndiyo maana kijana wa miaka 14 huamka siku moja na kuona kama kifua chake kimeharibika ghafla, ilhali jambo lilianza zamani.

Mimi nililifahamu shimo langu kwa maji. Nilipokuwa mtoto, nikilala chali na kumwagiwa maji, yalituama katikati ya kifua kama yanavyotuama kwenye kiganja, na nikikaa kimya niliyaona yakitikisika kwa kila pigo la moyo. Nilidhani watu wote wako hivyo. Nilipofika miaka 16 nilikwisha kujua kwamba sivyo, na nilikuwa nimejifunza kuvaa fulana mbili, kukumbatia vitabu kifuani, na kutembea nikiwa nimeinama kidogo ili nguo isigande kwenye mwili.

Hapo ndipo nilipoanza kunyanyua vyuma. Kwa karibu miaka miwili nilifanya zoezi la kulala kwenye benchi na kusukuma chuma juu, pamoja na pushapu, na sikufanya kingine. Misuli ya kifua ilikua kweli. Lakini misuli hiyo imeshikamana na kidari upande mmoja na mfupa wa mkono upande wa pili, na kazi yake ni kuuvuta mkono kuja katikati ya mwili; hakuna hata uzi mmoja wa msuli huo ulioelekezwa kukivuta kidari kuja mbele. Matokeo yake ni kwamba kingo za shimo ziliinuka na katikati pakabaki palepale, hivyo kwa macho shimo lilionekana refu zaidi. Jambo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza: misuli ya mbele ikiwa na nguvu na ya mgongoni ikiwa dhaifu, mabega yalivutwa mbele, shingo ikachomoza, na ule mgongo nilioupinda kwa aibu ukawa sasa umepindishwa kwa nguvu za misuli.

Aliyenitoa huko ni mtaalamu wa tiba ya viungo ambaye nilimwendea kwa ajili ya maumivu ya bega, wala si kifua. Aliniambia nilale chali, nikunje magoti, kisha akaweka vidole viwili chini ya mbavu zangu za mwisho, ambazo kwa wengi wetu huchomoza mbele kama ukingo wa bakuli. Akaniambia nipulize pumzi polepole kwa midomo iliyokunjwa, kama mtu anayetaka kuuyumbisha moto wa mshumaa ulio mbali bila kuuzima, na nisiache mpaka hewa iishe. Nilipofika mwisho akasema, "Bado. Endelea." Niliendelea, na ghafla nikahisi misuli ya ubavuni, ambayo sikujua kama ninayo, ikikaza na kuzishusha zile mbavu chini ya vidole vyake. Kisha akasema nivute hewa kwa pua bila kuziachia mbavu zipande tena. Hewa ilikwenda mgongoni na ubavuni, mahali ambapo sikuwahi kuihisi. Nilikuwa na umri wa miaka 18, na naweza kusema kwamba ndiyo ilikuwa pumzi yangu ya kwanza iliyokamilika.

Ninalisimulia hili kwa sababu ndilo msingi wa yote. Wengi wenye kifua hiki hupumua kwa shingo na mabega: kila wakivuta hewa mabega hupanda, na kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hakipati nafasi ya kufanya kazi yake. Kwa hiyo anza na pumzi, kwa majuma mawili au matatu, kabla ya kugusa chuma chochote. Lala kama nilivyoeleza, vuta hewa kwa pua kwa hesabu ya 4, ipulize kwa hesabu ya 8 mpaka mbavu zishuke, tulia kidogo, kisha vuta tena. Dakika 5 asubuhi na 5 usiku zinatosha. Ukishalizoea zoezi, baada ya kuvuta hewa yote unaweza kuizuia kwa sekunde 5 hadi 10 huku ukihisi ubavu na mgongo wa juu vikitanuka. Ukisikia kizunguzungu, acha na upumue kawaida.

Baada ya pumzi ni mgongo. Kunja taulo liwe kama gogo, lilaze kwa upana chini ya makombe ya mabega, yaani ile mifupa bapa ya nyuma ya mabega, ulalie hapo kwa dakika 3 hadi 5 huku mikono ikiwa imefunguka pembeni. Mgongo wa juu uliozoea kupinda huhitaji kukumbushwa kwamba unaweza kunyooka. Kisha simama na mgongo ukutani, visigino vikiwa hatua fupi mbele ya ukuta, upandishe na kushusha mikono ikiwa imegusa ukuta, kama mtu anayepunga mbawa. Zoezi hili linaonekana la kitoto mpaka ulijaribu. Wengi watakuta mikono haifiki ukutani, au inafika kwa kuudanganya mwili, kiuno kikiwa kimejipinda na mbavu zimechomoza. Katika hali hiyo shusha mikono mpaka pale unapoweza bila kuudanganya, na uanzie hapo. Kwa misuli ya mbele iliyofupika, simama mlangoni, weka kiganja na kiwiko kwenye mwimo, na usogeze mwili mbele taratibu mpaka usikie mvuto kifuani.

Nguvu ndiyo inayofuata, na kanuni niliyoishika ni hii: kwa kila zoezi moja la kusukuma, fanya mawili ya kuvuta. Funga mpira wa mazoezi kwenye kitu imara, uvute kuelekea mbavuni huku makombe ya mabega yakikaribiana, mara 12, kwa mizunguko 3. Pushapu usiziache, lakini ukifika juu usiishie hapo. Sukuma sakafu zaidi kidogo mpaka makombe ya mabega yaachane. Nyongeza hiyo ndogo ndiyo inayoamsha msuli wenye meno kama ya msumeno unaozishika mbavu ubavuni. Kwa tumbo, lala chali, mikono na magoti yakiwa juu, kisha shusha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili kwa pamoja huku ukipuliza pumzi. Mbavu zikichomoza, umeshusha mno. Mimi binafsi siyapendi mazoezi ya kujikunja tumbo kwa wingi, kwa sababu yanamkunja mbele mtu ambaye tayari amejikunja.

Kuhusu kipimo, msiutumie kioo peke yake, kwa maana kioo hufuata mwanga na moyo wa anayejitazama. Laza rula juu ya kifua ivuke shimo kutoka upande hadi upande, pumua kawaida, kisha simamisha rula ya pili kutoka chini ya shimo. Kwangu ilikuwa milimita 24. Baada ya mwaka mmoja na nusu wa kazi niliyoieleza ilikuwa milimita 23, na milimita moja ni kosa la mkono tu. Mfupa haukusogea. Lakini urefu wangu nikiwa nimesimama uliongezeka kwa sentimita karibu mbili kwa sababu ya mgongo kunyooka, mbavu za chini hazichomozi tena kwenye shati, na ghorofa nne ambazo zamani nilizipanda kwa kusimama mara mbili, nazipanda nikiwa nazungumza.

Nimalizie na upande wa daktari, kwa maana mazoezi hayachukui nafasi ya vipimo. Kidari kilichozama kinaweza kuubana moyo, hasa chumba cha chini cha kulia, na kuusogeza upande wa kushoto. Mwenye kuchoka kupita kiasi, moyo kwenda mbio bila sababu, maumivu ya kifua anapojitahidi au kuzimia, aende hospitali kabla ya kuanza lolote kati ya haya. Huko anaweza kufanyiwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kipimo cha mapafu, na picha ya CT ambayo hutumika kupata uwiano wa Haller: upana wa ndani wa kifua hugawanywa kwa umbali uliopo kati ya kidari na uti wa mgongo. Kifua cha kawaida hutoa takriban 2.5, na kuanzia 3.25 ndipo madaktari wengi huanza kuzungumzia upasuaji.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka, nashukuru kwa maelezo haya. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka 8. Shimo lake lilikuwa dogo alipozaliwa, na sasa ninaona linaongezeka. Hana shida yoyote ya kukimbia, lakini ameanza kukataa kuvua shati mbele ya wenzake. Je, nimwanzishe mazoezi haya, au ni mdogo mno? Na je, ni kweli kwamba akisubiri mpaka awe mtu mzima atakuwa amechelewa?

Mwanzisha uzi

Dada, kwanza mpeleke kwa daktari wa watoto ili moyo, mapafu na uti wa mgongo viangaliwe na kifua kipimwe, hata kama hana dalili, ili mpate mahali pa kulinganishia miaka ijayo. Kwa umri wake kifua bado ni laini, na hilo ni jambo jema, kwa sababu lipo tiba lisilo la kisu ambalo hufanya kazi vizuri zaidi kwenye kifua laini. Ni kikombe cha mpira kinachowekwa juu ya shimo, hewa ikafyonzwa kwa pampu ya mkono, na kidari kikavutwa juu. Kilibuniwa na Eckart Klobe, mhandisi ambaye yeye mwenyewe alikuwa na kifua kilichobonyea. Huvaliwa kwa dakika chache mwanzoni na muda ukaongezwa taratibu, kwa miezi mingi na pengine zaidi ya mwaka, na ni lazima kiwe chini ya usimamizi wa daktari, kwa kuwa hakiwafai wenye matatizo ya kutoka damu, ya mishipa au ya mifupa.

Mazoezi kwa mtoto yawe mchezo. Kuogelea kunafaa sana, na kuning'inia kwenye chuma, na kupuliza puto. Ama hilo la kukataa kuvua shati, naomba nikueleze kama mtu aliyelipitia: usimlazimishe, na usimwonyeshe kifua chake kwa wageni na jamaa ukiwauliza maoni wakati amesimama hapo. Mimi nilisimamishwa hivyo mara nyingi, kwa upendo kabisa, na kila mara nilitoka nikiwa nimejikunja zaidi.

Kuhusu kuchelewa, upasuaji hufanywa zaidi katika miaka ya balehe, lakini watu wazima pia hufanyiwa. Huna sababu ya kuharakisha leo.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, mimi nina miaka 19 na ninakwenda jimu mara tano kwa wiki. Nimesoma maneno yako juu ya kusukuma chuma na nimeumia, kwa sababu hicho ndicho ninachokifanya. Je, niache kabisa mazoezi ya kifua? Nikiacha, kifua kitazidi kuonekana tupu.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, usiache, badilisha zamu. Misuli ya kifua iliyojengeka kweli hupunguza mwonekano wa shimo, hasa likiwa pana na si refu, mradi mabega yako yamekaa mahali pake. Siku mbili kati ya tano zipe mgongo, siku moja miguu, na mbili zilizobaki ufanye kifua pamoja na mazoezi ya kuvuta. Chagua mazoezi yanayoikutanisha mikono mbele ya kifua, kama kuvuta mpira kutoka pande mbili mpaka viganja vigusane, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yenyewe ya msuli wa kifua, kuuvuta mkono kuja katikati ya mwili. Na usianze seti yoyote kabla ya kupuliza pumzi mara tano na kuzishusha mbavu. Nikikuangalia kwa maneno yako tu, naona bidii unayo ya kutosha. Iliyokosekana ni ile sehemu ambayo haionekani kwenye kioo.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na nakubaliana na mengi yaliyoandikwa hapa. Ningependa kuongeza mambo mawili kwa msisitizo.

La kwanza ni onyo. Baadhi ya watu wenye kifua hiki wana pia sindromu ya Marfan, ambayo hudhoofisha tishu zinazoushikilia mwili, ukiwemo ukuta wa mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni. Wengi wao huwa warefu na wembamba, wenye vidole virefu, urefu wa mikono iliyonyooshwa pembeni ukizidi urefu wa mwili, na wengine wana matatizo ya macho. Mtu mwenye dalili hizo asinyanyue vyuma vizito wala asizuie pumzi anapojitahidi, mpaka mshipa huo uwe umepimwa, kwa sababu kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu ghafla. Uti wa mgongo uliopinda pembeni nao huandamana na hali hii mara kwa mara, kwa hiyo mwenye bega moja juu kuliko jingine asijiandikie mazoezi peke yake.

La pili ni kuhusu mkao. Watu wakiambiwa wasimame wima huvuta mabega nyuma kama askari wa gwaride, huinua kifua, na mbavu za chini huchomoza zaidi. Huo si mkao mzuri, ni kosa jingine limechukua nafasi ya lile la kwanza. Wafikirie zaidi kurefuka, kana kwamba utosi unavutwa juu kwa uzi, huku mbavu zikiwa zimetulia juu ya nyonga na mabega yakining'inia bila kulazimishwa.

Mwanzisha uzi

Nashukuru sana, mtaalamu. Hilo la askari wa gwaride lilinipata mimi pia kwa miezi kadhaa, na nilipaswa kuliandika. Ninaongeza kwamba mkao hauwezi kushikiliwa kwa kukumbuka tu. Kilichonisaidia ni kuibadilisha kazi yenyewe: niliinua skrini ya kompyuta ifike usawa wa macho, na nilijizoesha kusimama kila baada ya nusu saa kwa pumzi tatu ndefu.

Mchangiaji wa nne

Habari zenu. Nina miaka 41. Tangu ujana nimeambiwa kwamba kifua changu ni suala la sura tu. Katika miaka mitatu iliyopita nimeanza kuhema nikipanda kilima, na usiku nikilalia ubavu wa kushoto nasikia moyo ukigonga kwa nguvu. Je, mazoezi ya pumzi yatanitosha?

Mwanzisha uzi

Kaka yangu, kwa dalili hizo usianze na mazoezi, anza na daktari wa moyo, na umweleze wazi kuwa hali ya kuhema ni mpya. Omba upimwe moyo ukiwa umetulia na pia ukiwa unatembea kwenye mashine au ukiendesha baiskeli ya vipimo, kwa kuwa moyo uliobanwa unaweza kuonekana mzima kabisa mtu akiwa amelala na kushindwa kuongeza kazi anapojitahidi. Kuhema katika umri wetu kuna sababu nyingi ambazo hazihusiani na kidari, na ni vyema zitafutwe zote.

Ikionekana kwamba kidari ndicho kinachobana, utaelezwa njia mbili. Ile ya Ravitch, inayojulikana tangu mwaka 1949, hukata gegedu zilizopotoka na kukinyanyua kidari kwa kupasua mbele. Ile ya daktari Donald Nuss, iliyoanza mwaka 1987 na kuchapishwa mwaka 1998, hupitisha chuma kilichopinda chini ya kidari kupitia matundu madogo ubavuni, na chuma hukaa ndani kwa miaka 2 hadi 4, kisha hutolewa. Maumivu ya majuma ya kwanza ni makubwa, na kwa mtu mzima kifua kimekwisha kukakamaa. Hata hapo kazi ya pumzi haipotei, kwani mtu anayejua kupumua kwa kiwambo kabla ya upasuaji ana kitu cha kushikilia siku anazoogopa hata kukohoa.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka, nimerudi. Tumekwenda kwa daktari. Moyo na mapafu ni salama, mgongo umenyooka, na tumeambiwa turudi baada ya miezi sita kupima tena. Suala la kikombe cha kufyonza wataliamua wakati huo. Nimemnunulia puto, na jana alicheka kwa mara ya kwanza tukiwa tunazungumzia kifua chake. Je, apulize mara ngapi, na akae vipi?

Mwanzisha uzi

Dada, nimefurahi mno. Mlaze chali, miguu ikiwa juu ya kiti na magoti yamekunjwa kwa pembe mraba. Avute hewa kwa pua, apulize puto polepole, kisha ulimi ugande juu ya kaakaa ili hewa isirudi, avute tena kwa pua bila kulitoa puto mdomoni. Pumzi nne mfululizo, apumzike, arudie mara nne. Ukiona mashavu yanavimba sana, puto ni gumu. Livute-vute kwa mikono kwanza lilainike. Na wewe ulale pembeni yake na puto lako.